UZI: Fundi wa kaliko anasubiri. Tuandike THÉÂTRE, MCHEZO au TAMTHILIA?

Mwana_Katuba (mwenye uzi)

Jambo yenu bote. Naandika kutoka Lubumbashi, commune ya Katuba. Nitajikaza kutumia Kiswahili cha kitabu ili ndugu wa Pwani wasinikimbie, lakini nikiteleza mnisamehe, kidole kimezoea cha huku.

Shida ni hii. Vijana wa paroisse yetu wamefanya mazoezi miezi miwili, na Jumapili wanacheza nyuma ya kanisa. Tumenunua kaliko mita tatu ya kutundika barabarani. Fundi wa kuandika yupo chini ya mwembe na kopo lake la rangi nyekundu. Ameshapiga mistari miwili ya penseli kwa rula ya mbao, na anatoza falanga 500 kwa kila herufi. Akaniuliza: "Chef, neno kubwa la juu ni gani?" Nikamwambia THÉÂTRE, basi. Akahesabu herufi saba, halafu akataka kujua kama zile kofia mbili za juu nazo zinalipiwa.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Katibu wetu, mama aliyesomea Kigoma, anasema hiyo si lugha yetu, iandikwe TAMTHILIA. Herufi tisa. Vijana wenyewe wanataka MCHEZO. Padre hataki kuingilia. Fundi ameenda kula bukari (ugali wenu), kasema akirudi akute tumeshakata shauri.

Nimekaa na simu kutafuta hili neno limetoka wapi, na limenikumbusha kisa cha mwaka juzi. Shangazi yetu anakaa Nairobi. Asubuhi moja binamu aliandika kwenye grupu la familia: "Mama ameingia thieta saa mbili, tuombeeni." Nusu ya familia iko hapa Lubumbashi. Mmoja wetu, sitamtaja, akajibu: "Félicitations!" Yaani hongera.

Nilichokipata mpaka sasa: neno ni la Kigiriki, *theatron*. *Theasthai* ni kutazama, na *-tron* ni mkia unaoonyesha mahali au kifaa. Kwa hiyo ni "pa kutazamia". Warumi wakalifanya *theatrum*, Wafaransa *théâtre*, Waitaliano *teatro*, na Waturuki wakachukua la Waitaliano wakasema *tiyatro*. Lakini kilichonishangaza ni kwamba kwa Wagiriki *theatron* lilikuwa jina la upande wa watazamaji, zile ngazi za kukalia kwenye mteremko wa kilima. Waliocheza walikuwa kule chini, na kule chini kulikuwa na majina mengine. Yaani jambo zima tumelipatia jina la viti!

Mimi naona neno la namna hii linaonyesha mtu aliyelitunga alikuwa amesimama wapi. Nyinyi mnasemaje? Na haraka, fundi hali sana.

Yaya_Ruashi

Mi njo ule mwenye aliandika "félicitations". Muache kunificha, famille yote inajua. Sasa mi ningejua je? Huku kwetu mugonjwa wa kupasuliwa anaingiaka ku bloc. Ku teatre haingiake. Nilisema kumbe tantine na uzee yake amepata rôle, Mungu ni mukubwa. Nikauliza tena itapita ku télé siku gani. Binamu alikaa masaa tatu bila kujibia.

Ju ya kaliko: muandike MUCHEZO. Na U. Nani hapa Lubumbashi anasemaka "m-chezo"?

Njoro_wa_Kayole

Yaya, pole, lakini nimecheka mpaka konda kwa matatu akanigeukia.

Hapa Nairobi ni thieta tu, hata nyanya wa kijijini anaelewa. "Amepelekwa thieta" ni kisu, si vichekesho. Kuigiza tunaita drama. Na bado tuna Kenya National Theatre pale mjini, na hakuna anayeingia akiogopa kupasuliwa. Sijawahi kujiuliza hospitali iliingiaje hapo. Nani anajua?

Mwana_Katuba

Njoro, nimeipata hiyo, na ni nzuri kuliko nilivyodhani.

Mwishoni mwa karne ya 16 chuo cha Padua, Italia, kilijenga chumba cha kupasulia maiti kwa ajili ya masomo, na chumba kile kipo hadi leo. Kimekaa kama faneli. Meza iko chini kabisa katikati, na kuizunguka kuna ngazi sita za mbao zinazopanda moja juu ya nyingine. Wanafunzi walisimama wamebanana, kifua kwenye kingo, wanachungulia chini. Sasa chumba ambacho watu wanapanda ngazi kumtazama mmoja aliye chini utakiitaje? *Theatrum*. Hawakuhitaji kufikiri.

Madaktari wakaendelea hivyohivyo hata kwa wagonjwa walio hai. London kuna chumba cha mwaka 1822, kwenye dari la kanisa la hospitali ya St Thomas', ambacho sasa ni makumbusho. Waliopasuliwa pale walikuwa wanawake, na wanafunzi walisimama kwenye ngazi kuzunguka meza. Dawa ya usingizi ilikuwa bado. Etha ilianza kutumika hadharani mwaka 1846, tena huko Boston, Marekani. Piga picha: mama amelala pale ana fahamu zake zote, na vijana wamejaa mpaka juu wanamtazama. Hiyo ndiyo thieta ya kweli kwa Kigiriki. Baadaye watazamaji wakatolewa ili wasilete vijidudu, milango ikafungwa, jina likabaki peke yake ndani. Shangazi aliingia "pa kutazamia" ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyeruhusiwa kutazama.

Kwa hiyo Yaya, wewe na daktari mlitumia neno moja. Daktari ndiye aliyeliazima.

Yaya_Ruashi

Asante. Screenshot inaenda ku groupe ya famille sasa hivi.

Mwinyi_Forodhani

Assalaam alaykum kutoka Unguja. Nimesoma kwa furaha, ila Mwana Katuba, mama wa Kigoma yuko sawa. Tamthilia ni neno lenye nasaba. Limetoka katika Kiarabu, mzizi wake ni ule ule wa mithili na methali: kufananisha, kumfanya mtu awe mfano wa mwingine. Hiyo hasa ndiyo kazi ya mwigizaji. "Mchezo" ni neno pana mno. Mpira ni mchezo, bao ni mchezo, watoto wakikimbizana ni mchezo. Mtu akiona kaliko barabarani atakuja na viatu vya mpira.

Na ukitaka la kushangaza: Waarabu wenyewe jengo hawaliiti tamthilia, wanaliita *masrah*. Mzizi wake ni kuachia wanyama waende malishoni. *Masrah* asili yake ni uwanja wa malisho. Wewe unasema neno linaonyesha mtunzi alisimama wapi. Huyu alisimama na mbuzi.

Mwana_Katuba

Mwinyi, hiyo ya malisho imenifurahisha sana, maana Wajapani wana yao inayofanana. Mchezo wa kuigiza kwao ni *shibai*. *Shiba* ni nyasi, *i* ni kukaa. Watu walikuwa wanakaa kwenye nyasi kutazama, basi "kukaa nyasini" pakawa jina la mchezo wenyewe. Kama Wagiriki vile: makalio ya mtazamaji ndiyo yaliyotoa jina! (Padre asisome hapa.)

Halafu kuna wale waliokataa kuazima neno la Kigiriki wakatunga lao, na ukilifungua unakuta jicho lile lile. Wacheki wanasema *divadlo*, kutoka kutazama. Waslovenia *gledališče*, kutoka kutazama. Waairishi *amharclann*: *amharc* ni kutazama, *lann* ni mahali. Waholanzi wana *schouwburg*, ngome ya kutazamia, na jengo lao lenye jina hilo lilifunguliwa Amsterdam mwaka 1638. Neno hili lilikuwa mdomoni mwa nusu ya Wabelgiji waliotutawala, maana Waflamandi wanalitumia. Hata Brussels kuna Koninklijke Vlaamse Schouwburg. Sisi walituletea la Kifaransa. Nashukuru. Fundi angenitoza SCHOUWBURG herufi kumi.

Lakini kwenye "mchezo" sikubaliani nawe. Ndiyo, ni pana. Huku kwetu ni pana zaidi hata ya kwenu, kwa sababu Lubumbashi kucheza ni kudansi pia. Mtu akisema "jana tulicheza mpaka asubuhi" hajagusa mpira wala karata. Sasa kijana wa hapa akikwambia anacheza kwenye groupe, ndani ya neno moja kuna mwili unaotembea, wimbo, uongo wa kuigiza na jasho. Hilo neno limetungwa na aliye uwanjani, halina habari na viti. Wahindi nao wako upande wetu: kwa Kisanskriti *natya*, sanaa ya kuigiza, ni ndugu wa neno la kucheza ngoma. Na Waislandi wanasema *leikhús*, nyumba ya mchezo. Hatuko peke yetu.

Mwinyi_Forodhani

Nakubali kuhusu ngoma, hata huku twasema kucheza ngoma. Nakataa kuhusu kaliko. Na kwa kuwa umeanza kuhesabu macho, ongeza hili: *teoria* ya Wazungu nayo imetoka Ugiriki, kwa *theoros*, mtazamaji. Ni ukoo mmoja na *theatron*. Sisi tukasema nadharia, kutoka Kiarabu, na nadharia nayo mzizi wake ni kutazama. Wasomi na watazamaji wa mchezo ni watoto wa jicho moja.

Kivu_Kwetu

Niko Goma, nimechelewa, umeme ulikuwa umekatika. Naomba niingize Biblia kidogo, maana nimesoma Kigiriki miaka miwili kwenye chuo cha theolojia na mpaka leo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Fungueni Mathayo 6. Mstari wa kwanza Yesu anaonya watu wasifanye wema wao machoni pa watu, kusudi watazamwe na wao. Hilo "watazamwe" kwa Kigiriki ni kitenzi kile kile kilichozaa *theatron*. Mstari wa pili anawataja wanafiki wanaopigiwa tarumbeta wakitoa sadaka. "Wanafiki" pale ni *hupokritai*, na *hupokrites* lilikuwa neno la kawaida la mwigizaji, yule wa kwenye mchezo. Someni mistari hiyo miwili pamoja sasa: kuna wa kutazamwa, kuna mwigizaji, kuna na tarumbeta. Yesu anachora teatre nzima, na sisi kwa Kiswahili tunapata mahubiri tu.

Ya pili. 1 Wakorintho 4:9, Paulo anasema mitume "tumekuwa tamasha kwa dunia". Kwa Kigiriki kaandika *theatron*. Kwa hiyo neno linalowasumbua pale Katuba lilishatafsiriwa zamani kwenye Biblia ya Union: TAMASHA. Herufi saba. Halina kofia.

Njoro_wa_Kayole

Tamasha ni ya muziki bana. Watu watakuja wakitafuta spika.

Kivu_Kwetu

Nimesema lilivyotafsiriwa. Sijasema waandike.

Mzee_Kamalondo

Wanangu, ninawafuata tangu asubuhi. Mnazungumza teatre za Ugiriki na Japani na hamjasema neno moja la teatre yetu.

Mliozaliwa juzi mnaita lile jengo la mjini Bâtiment du 30 Juin, na kwenu ni mahali pa Assemblée provinciale, pa wabunge. Lilijengwa liwe teatre ya mji. Lilimalizika mwaka 1956, mchoro wake ulitoka kwa Claude Strebelle na wenzake, mji ukiitwa bado Élisabethville. Ni teatre, yenye jukwaa na viti vya watazamaji. Wakaingia wanasiasa, na hawakuhitaji kubadilisha viti.

Huko ndani siku zile ilikuwa ya Wazungu na Kifaransa chao. Mchezo wetu sisi ulikuwa kwenye cités, mitaa yetu, kwenye radio, baadaye kwenye télé, na ulikuwa kwa Kiswahili hiki hiki anachoandika Yaya Ruashi, na U zake zote. Waulizeni wazazi wenu habari za Mufwankolo na groupe yake. Watu walikuwa wanajaa kwa jirani mwenye télé mpaka dirishani. Hakuna aliyesema "ninaenda kuona tamthilia". Mwinyi, usinune.

Mwana_Katuba

Mzee, heshima. Hiyo ya jengo mimi inanikera kila nikipita pale. Mji wa watu wengi hivi, wenye vijana wanaotafuta pa kuchezea, teatre wakakabidhiwa wabunge. Sisi tunacheza nyuma ya kanisa, tunaombea mvua isinyeshe.

Kivu_Kwetu

Mwana Katuba, usikasirike sana, hilo ni la kale. Matendo 19, Efeso. Demetrio mfua fedha anachochea watu dhidi ya Paulo, mji mzima unakimbilia wapi? Kwenye *theatron*. Wakapiga kelele kwa muda wa kama saa mbili, "Artemi wa Waefeso ni mkuu", na Luka anasema wengi wao hawakujua hata wamekusanyikia nini. Hapakuwa na mchezo siku hiyo. Ilikuwa desturi: miji ya Kigiriki ilifanyia mikutano ya wananchi humo humo, kwa sababu ndipo palipokuwa na viti vya kutosha. Athene nako, baraza la wananchi lilikuwa likikutana nyakati nyingine kwenye teatre ya Dionisio.

Mzee_Kamalondo

"Wengi hawakujua wamekusanyikia nini." Mwanangu wa Goma, wewe umewahi kuhudhuria plénière ya wabunge?

Mwana_Katuba

Basi nimenyang'anywa hasira yangu na Luka. Narudi kwenye fundi, amerudi, ameketi, anachokonoa meno.

Ila kabla sijaamua, niwaambie nilichokiona jana kwenye mazoezi. Vijana hawana pa kubadilishia nguo. Wakafunga kamba kutoka kwenye mwembe mpaka kwenye dirisha la sacristie, wakatundika vikwembe vitatu vya mama zao. Mtu anaingia nyuma ya kikwembe ni kijana wa Katuba, anatoka upande wa pili ni chef wa kijiji mwenye kitambi cha mto. Kitoto kimoja kilikuwa kinainama kila mara kuchungulia chini ya kikwembe kione chef anatoka wapi. Dada yake anakivuta sikio, kinarudi tena.

Leo nimesoma kwamba *scène* ya Wafaransa ni *skene* ya Kigiriki, na *skene* ni hema. Nyuma ya uwanja wa kuchezea, Wagiriki walikuwa na hema au kibanda cha kubadilishia nguo na vinyago. Na uwanja wenyewe waliuita *orchestra*, pa kuchezea ngoma. Kwa hiyo vijana wetu tayari wana *skene*, vikwembe vitatu. Wana na *orchestra*, vumbi la nyuma ya kanisa. Kinachokosekana ni *theatron*, maana viti vya paroisse ni ishirini tu.

Yaya_Ruashi

Na ule mutoto wa kuchungulia njo theatron yenyewe.

Mwinyi_Forodhani

Huyo mtoto amenishinda. Andikeni mnavyotaka. Lakini kama ni mchezo, ni M kisha C, tafadhali. Hiyo U haina kazi.

Ya_Kin

Natokea Kinshasa, Kiswahili changu ni cha kujifunza, muniwie radhi. Sisi teatre ya télé tunaiita maboke. Liboke ni kile kifurushi cha majani cha kuchomea samaki. Sijui kama inawasaidia.

Njoro_wa_Kayole

Haisaidii lakini nimesikia njaa.

Mwana_Katuba

Imekwisha. Nilimwita fundi, nikamsomea uzi huu karibu wote kwa sauti, vijana wakiwa wamesimama nyuma yangu. Kwenye Padua alitikisa kichwa. Kwenye maboke alicheka. Nilipomaliza akasema, "Chef, mi najua kitu moja. Kaliko inasomwa na muntu iko ku pikipiki. Neno ikuwe ile iko mu kinywa yake." Akachovya brashi, akaanza na M. Herufi moja ilimchukua muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Anachora pembeni kwanza, mstari mwembamba, halafu anajaza katikati akirudi nyuma hatua mbili kutazama kwa jicho moja. Nilikuwa sijaandika neno popote, nimesema kwa mdomo tu. Alipofika herufi ya pili nikaona ni U.

Imeandikwa MUCHEZO. Nikahesabu saba, nikatoa falanga 3,500. Akanirudishia 500. Kasema U ni yake.

Mwinyi_Forodhani

Ya sadaka haikataliwi. Jumapili saa ngapi?

Mwana_Katuba

Saa tisa mchana. Njoo na kiti.